Majibu ya PSA: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kipimo cha Damu cha Tezi Dume

Ukurasa huu ni wa mtu aliye na karatasi ya majibu mkononi au anayejiandaa kwenda kupima. Ni wa wake na watoto pia, maana mara nyingi wao ndio hupigiwa simu na kuulizwa "hii namba maana yake nini?" Namba moja ya PSA haisomeki vilevile kwa kila mwanamume. Umri, ukubwa wa tezi, dawa, ukoo na hata mashine ya maabara huibadilisha maana. Maswali yamepewa namba ili jibu moja likikupeleka kwenye jingine usihangaike kulitafuta.

## Misingi

1. PSA ni nini hasa?

Ni protini inayotengenezwa na seli za tezi dume, ziwe nzima au zenye saratani. Kazi yake ni kuyayeyusha manii yaliyoganda ili mbegu ziweze kuogelea. Sehemu kubwa hutoka na manii, na kiasi kidogo hupenya kwenye damu. Hicho kidogo ndicho maabara inachopima, kwa nanogramu katika kila mililita ya damu (ng/ml).

Kwa hiyo PSA inakupa habari za tezi, na saratani ni moja tu kati ya habari hizo. Tezi ikikua kwa umri, ikipata maambukizi, ikiguswaguswa na mpira wa mkojo au ikiota saratani, PSA nyingi zaidi huingia kwenye damu. Marekani iliruhusu kipimo hiki mwaka 1986 kwa kufuatilia watu waliokwisha kujulikana kuwa na saratani. Kukitumia kusaidia kuigundua kuliruhusiwa mwaka 1994. Kilianza kama chombo cha ufuatiliaji, na hadi leo kazi hiyo ndiyo kinayoifanya vizuri zaidi.

2. Karatasi yangu imeandikwa 5.8 na pembeni kuna herufi H. Nina saratani?

H inawekwa na kompyuta. Imepewa mpaka mmoja, mara nyingi 0 hadi 4.0, na kila namba inayovuka inapigwa H. Haijui kama una miaka 48 au 78.

Kwa tafiti za Marekani na Ulaya, kati ya wanaume wenye PSA ya 4 hadi 10 waliotolewa kinyama (vipande vidogo vya tezi vinavyochukuliwa kwa sindano vikapimwe maabara), karibu mmoja kati ya wanne hukutwa na saratani. Ikipita 10, ni zaidi ya nusu. Mwenye 5.8, basi, ana nafasi kubwa ya kutokuwa nayo, ila nafasi ya kuwa nayo si ya kupuuzwa.

Wachukue wanaume wawili, wote 5.8. Wa kwanza ana miaka 72, na utrasaundi inaonyesha tezi ya mililita 70. Gawanya 5.8 kwa 70, unapata 0.08. Wa pili ana miaka 52 na tezi ya mililita 25; kwake ni 0.23. Hesabu hiyo huitwa msongamano wa PSA, na madaktari wengi huanza kuwa na wasiwasi inapofika 0.15. Wa kwanza ana tezi kubwa inayotoa PSA nyingi kwa sababu ni kubwa. Wa pili ana tezi ndogo inayotoa kuliko inavyostahili, na huyo ndiye wa kuharakishwa. Ukiwa na karatasi ya utrasaundi nyumbani, nenda nayo kliniki.

3. Kiwango cha kawaida ni ngapi? Huyu anasema 4, yule 3.

Wote wako sahihi, kila mmoja na kitabu chake. Mpaka wa 4.0 ni wa zamani, na tafiti nyingi za Ulaya zilitumia 3.0. Uingereza hutumia mipaka ya umri kwa mtu mwenye dalili: zaidi ya 2.5 kwa miaka 40 hadi 49, zaidi ya 3.5 kwa miaka 50 hadi 59, zaidi ya 4.5 kwa miaka 60 hadi 69, na zaidi ya 6.5 kwa miaka 70 hadi 79. Nje ya umri huo daktari hutumia busara yake.

Mipaka hii hupanda na umri kwa sababu tezi nayo hukua na umri. Kwa kijana wa miaka 45, namba ya 3.2 isiyo na H yoyote pembeni inastahili kuangaliwa tena. Hawa ndio wanaoachwa na kompyuta, na ndio wanaonisikitisha zaidi.

4. Naamka usiku mara nne kukojoa na mkojo unakatikakatika. Si ndiyo saratani hiyo?

Mara nyingi hapana. Dalili hizo kwa kawaida huletwa na tezi iliyokua bila saratani, ambayo huwapata wanaume wengi wakizeeka. Saratani changa aghalabu haina dalili yoyote, kwa sababu huota zaidi pembeni mwa tezi, mbali na njia ya mkojo. Kukojoa vizuri si ushahidi kwamba uko salama, na kukojoa vibaya si ushahidi kwamba unaumwa saratani. Mkojo wenye damu ni habari nyingine: unaweza kuwa kichocho, mawe, au saratani ya kibofu. Usiusubirishe.

## Siku ya kupima

5. Nijiandae vipi? Nifunge kula?

Kula kama kawaida. Ila kwa saa 48 kabla ya kupima usitoe manii kwa njia yoyote, na uache mazoezi mazito, hasa baiskeli. Kama una U.T.I. au umetoka kuitibu, subiri wiki sita. Ukitolewa kinyama cha tezi, subiri wiki sita vilevile. Kama umewekewa mpira wa mkojo kwa sababu mkojo ulifunga, mwambie anayekutoa damu, maana PSA iliyopimwa siku hizo inaweza kupanda sana bila saratani.

Mambo haya yanatakiwa yaulizwe kabla ya sindano. Wengi hawaulizwi, kwa hiyo yaseme mwenyewe.

6. Kwenye kambi ya upimaji bure walinitoboa kidole, wakasema "hasi". Inatosha?

Kile ni kipimo cha haraka, kikadi kama cha malaria. Vingi vimetengenezwa kuonyesha kama PSA imevuka 4 au haijavuka, basi. Havitofautishi 4.2 na 42, na vinampa mtu wa miaka 44 mwenye 3.6 jibu lilelile la mwenye 0.6. Kwa kijiji kisicho na maabara vina kazi yake. "Chanya" ya kikadi ikapimwe upya kwa mashine itakayotoa namba. "Hasi" kwa mtu wa chini ya miaka 60, au mwenye historia iliyo kwenye swali la 11, nayo ningeipeleka kwenye mashine.

7. Hospitali moja 3.4, nyingine 4.1, wiki mbili tu. Nani kakosea?

Huenda hakuna. PSA ya mtu yuleyule hupanda na kushuka yenyewe kwa asilimia 15 hadi 20 bila sababu ya maana. Halafu kuna mizani: mashine zinazofuata kipimio cha Shirika la Afya Duniani husoma pungufu kwa karibu asilimia 20 kuliko zinazofuata kipimio cha zamani cha kampuni ya Hybritech, kilichozaa ule mpaka wa 4. Damu ileile, namba mbili.

Chagua maabara moja ushikamane nayo, na utunze karatasi zote kwenye bahasha moja. Mwelekeo wa miaka mitatu, maabara moja, una thamani kuliko namba tatu kutoka maabara tatu.

8. Natumia dawa za tezi, na za asili pia. Zinabadilisha majibu?

Finasteride na dutasteride hushusha PSA kwa takriban nusu baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Mtu aliyezitumia mwaka mzima akipata 3.1, daktari huizidisha kwa mbili: 6.2. Karatasi haitaweka H. Na PSA ikianza kupanda ukiwa bado unameza dawa hizi, hata ikiwa ndani ya "kawaida", rudi kwa daktari. Tamsulosin hulegeza njia ya mkojo tu, haigusi PSA.

Biotini ya dozi kubwa, inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, inaweza kuivuruga mashine ikasoma pungufu. Homoni ya testosterone, pamoja na ile iliyofichwa ndani ya dawa za "nguvu za kiume" zisizo na lebo ya kueleweka, inaweza kuipandisha.

Dawa za asili zinahitaji kusemwa bila dharau. Gome la mti wa Prunus africana, ambao Wakikuyu huuita muiri, limeuzwa Ulaya miaka mingi kwa ajili ya tezi iliyokua, na baadhi ya watumiaji hupata nafuu ya mkojo. Nafuu hiyo haitibu saratani. Kuna pia mchanganyiko wa mitishamba ulioitwa PC-SPES, uliosifiwa Marekani kwa kushusha PSA. Mwaka 2002 uliondolewa sokoni baada ya kukutwa umechanganywa na dawa za hospitalini, ikiwamo homoni ya kike. Namba ilishuka kweli, lakini si kwa mitishamba. Daktari akikuuliza unatumia nini, taja na ile chupa ya soda iliyofunikwa kwa gunzi.

## Je, namba inasomwaje kwa watu tofauti?

9. Sisi Waafrika tuna viwango vyetu?

Bado hatuna, na hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa.

Mipaka ya umri ya swali la 3 inafuata njia ya utafiti uliofanyika Olmsted, kaunti moja ya Minnesota, Marekani, ukachapishwa mwaka 1993. Waliopimwa walikuwa karibu wote Wazungu. Mwaka 1996 madaktari wa hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Washington, walichapisha hesabu za Wamarekani weusi. Ukipanga mpaka kwa njia ya Minnesota, yaani uangalie asilimia 95 ya wasio na saratani wanaishia wapi, mpaka wa Weusi unapanda sana, na ukiutumia utaziacha asilimia 41 ya saratani zipite. Wakageuza swali: ni mpaka gani utakaonasa asilimia 95 ya saratani? Wakapata 2.0 kwa miaka ya arobaini, 4.0 kwa ya hamsini, 4.5 kwa ya sitini na 5.5 kwa ya sabini. Kwa hiyo anayekuambia "Mwafrika PSA yake huwa juu kiasili, usihofu" na anayekuambia "Mwafrika ashushiwe mpaka" wote wana karatasi ya kukuonyesha, na ni karatasi ileile.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walichapisha kumbukumbu za wanaume zaidi ya 730,000 wa Uingereza. Kati ya waliopata PSA ya juu, ndani ya mwaka mmoja saratani iligunduliwa kwa asilimia 24.7 ya Weusi, 19.8 ya Wazungu na 13.4 ya wenye asili ya Asia. Saratani iliyofika mbali, hata hivyo, ilikaribiana kwa Weusi na Wazungu. Inawezekana Weusi wanakamatwa mapema, au baadhi ya saratani zao zinazokamatwa ni zile za polepole ambazo zisingemdhuru mtu. Utafiti huo peke yake hauwezi kuamua.

Huko huko Uingereza, mwanamume mweusi mmoja kati ya wanne hugunduliwa na saratani hii maishani, na mmoja kati ya 12 hufa nayo. Kwa Wazungu ni mmoja kati ya wanane, na mmoja kati ya 24. Gawanya mwenyewe: kwa makundi yote mawili, karibu mmoja kati ya watatu waliogunduliwa hufa nayo. Huko tofauti kubwa iko kwenye nani anaipata.

Sasa, hao "Weusi" ni nani? Wengi ni wa asili ya Afrika Magharibi, moja kwa moja au kupitia Karibiani. Kumweka Msomali wa Garissa na Mjamaika wa Birmingham kapu moja kwa sababu ya rangi ni ukarani, si biolojia. Kuna sehemu ya urithi iliyothibitika: kwenye eneo la 8q24 la kromosomu ya 8 kuna mabadiliko yanayoonekana zaidi kwa wenye asili ya Afrika, na yanaongeza hatari. Lakini takwimu za PSA za Afrika Mashariki yenyewe ni chache mno kuweza kuchora mpaka wetu.

Msimamo wangu, mpaka hapo zitakapopatikana: tumia mipaka ya umri, usiipandishe kwa sababu mtu ni mweusi, na uanze kupima mapema (swali la 10).

10. Nina miaka 42, sina tatizo lolote. Nianze lini?

Marekani, chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo hupendekeza kipimo cha kwanza kati ya miaka 40 na 45 kwa wenye asili ya Afrika na wenye historia nzito ya familia, na kati ya 45 na 50 kwa wengine. Kwa hiyo 42 si mapema mno.

Faida ya kupima mapema ni kwamba tezi bado ndogo, na namba haijachafuliwa na ukuaji wa uzee. Hiyo ndiyo namba yako ya msingi. Ikiwa chini ya 1, unaweza kupumzika miaka kadhaa. Ikikaribia 2.5, rudi mapema.

11. Baba alikufa kwa "ugonjwa wa mkojo". Inanihusu?

Inawezekana sana. Wazee wengi walizikwa bila jina la ugonjwa. Uliza maswali mepesi: aliumwa mgongo au nyonga mwishoni? Miguu iliishiwa nguvu? Alitolewa korodani hospitalini? Hiyo ya mwisho ni tiba ya saratani ya tezi dume iliyosambaa, na majibu ya mashangazi huwa sahihi kuliko faili.

Baba au kaka mmoja mwenye saratani hii huongeza hatari yako mara mbili au zaidi, na zaidi tena kama aliipata kabla ya miaka 65. Uliza na upande wa mama. Saratani ya matiti au ya ovari kwa mama, dada na makhalati inaweza kuashiria jeni ya BRCA2, ambayo mwanamume naye huirithi. Mwenye BRCA2 hupima kila mwaka kuanzia miaka 40, na kwake 3.0 inatosha kuendelea na uchunguzi.

12. Mzee ana miaka 79, tumpeleke?

Kama hana dalili na ana maradhi mengine mazito, kupima kunaweza kumletea usumbufu kuliko faida. Jopo la Marekani linaloshauri kuhusu uchunguzi lilisema mwaka 2018 kwamba kuanzia miaka 70 lisifanywe zoezi hili kwa kila mtu. Upande wa pili wa uamuzi huo ulionekana Mei 2025, pale Joe Biden, akiwa na miaka 82, alipotangazwa kuwa na saratani iliyofika kwenye mifupa. Kipimo chake cha mwisho cha PSA kilichojulikana kilikuwa cha 2014.

Mzee anayelima mwenyewe na kupanda daladala bila kushikwa mkono si sawa na asiyetoka kitandani, hata kama wamezaliwa mwaka mmoja. Na akiwa na maumivu ya mgongo au shida ya mkojo, hilo si suala la uchunguzi tena. Ni mgonjwa, apimwe.

13. Mimi ni mnene. Inahusiana?

Ndiyo. Mwili mkubwa una damu nyingi, na PSA ileile ikimwagwa kwenye damu nyingi husomeka ndogo. Namba iliyo chini kidogo ya mpaka kwa mtu mnene isiachwe ilale.

## Baada ya majibu

14. PSA iko juu. Hatua gani inafuata?

Kwanza irudiwe baada ya wiki chache, kwa masharti ya swali la 5 na maabara ileile. Nyingi hushuka zenyewe. Kumpa mtu asiye na dalili za maambukizi antibayotiki "ili PSA ishuke" ni mazoea yasiyo na msingi.

Ikibaki juu, daktari huigusa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, na pale inapopatikana hupiga MRI (picha ya ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku) kabla ya kinyama. MRI huonyesha sehemu ya kulengwa, na wengine huepushwa na sindano kabisa. Kwetu MRI iko miji mikubwa na ni ghali, kwa hiyo msongamano wa PSA (swali la 2) na PSA huru (swali la 15) hubeba mzigo mkubwa zaidi.

15. Wameniandikia "PSA huru". Ni nini?

Sehemu ya PSA huelea peke yake kwenye damu, nyingine hushikamana na protini. Saratani hupunguza ile inayoelea. Kwa mwenye jumla ya 4 hadi 10, PSA huru chini ya asilimia 10 huongeza shaka. Juu ya asilimia 25 huipunguza. Nje ya jumla hiyo haisaidii sana.

16. Nikipima damu, kidole cha nini?

Kwa sababu baadhi ya saratani, tena kali, hazitoi PSA nyingi, na daktari anaweza kugusa uvimbe mgumu ambao damu haikuusema. Huchukua chini ya dakika moja. Kwenye MRI kidole kinapoteza umuhimu. Kwenye hospitali ya wilaya bado kinahitajika.

17. PSA yangu ni 1.2. Nimesalimika?

Hatari yako ni ndogo, ila si sifuri. Utafiti mkubwa wa Marekani ulitoa vinyama hata kwa wenye PSA ya 4 kushuka chini, na asilimia 15 wakakutwa na saratani, nyingi zikiwa za polepole. Kwa upande mwingine, Wasweden wa Malmö waliokuwa na PSA ya 1 au pungufu wakiwa na miaka 60 walikuwa na uwezekano wa asilimia 0.2 tu wa kufa nayo kabla ya 85. Hao ni Wasweden, bila shaka.

18. Kinyama kimeonyesha saratani ndogo. Daktari anasema "tusubiri". Ananiacha nife?

Hapana. Uingereza iliwafuata miaka 15 wanaume ambao saratani yao ilikuwa bado haijatoka kwenye tezi: waliofuatiliwa tu, waliopasuliwa na waliochomwa mionzi. Karibu asilimia 97 ya kila kundi hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo. Lakini ufuatiliaji ni kazi: PSA kila baada ya miezi michache, kinyama tena baadaye. Kama unajua hutaweza kurudi kliniki kwa sababu ya nauli au kazi, mwambie daktari sasa, maana hilo linabadilisha ushauri. Na waliofuatiliwa kule nao walikuwa karibu wote Wazungu.

## Hali zisizo za kawaida

19. PSA ni 340. Kuna haja ya kinyama?

Namba ya mamia, pamoja na maumivu ya mifupa na tezi ngumu, karibu kila mara ni saratani iliyosambaa, na madaktari wengine huanza tiba ya homoni kabla ya kinyama kujibu. Angalia miguu. Ikianza kufa ganzi au kukosa nguvu, au haja zikianza kutoka bila kujua, uti wa mgongo unabanwa. Hapo ni dharura ya siku hiyohiyo, usiku ukiwemo. Ukisubiri kliniki ya Jumatatu huenda mgonjwa asitembee tena.

20. Nilishakwanguliwa tezi kwa njia ya mkojo. Bado nipime?

Ndiyo. Upasuaji ule huondoa nyama ya ndani iliyobana mkojo. Ganda la nje, ambako saratani nyingi huota, hubaki. PSA hushuka baada yake, kwa hiyo pima upya baada ya miezi michache na uichukue hiyo kama namba yako mpya ya msingi. Kipande kilichokwanguliwa kilitakiwa kwenda patholojia: dai majibu yake.

21. Tezi yote imetolewa kwa saratani, mbona bado wananipima PSA?

Hapa kipimo kimerudi kwenye kazi yake ya kwanza. Tezi ikiondolewa yote, PSA inatakiwa isionekane, yaani chini ya 0.1. Ikifika 0.2 mara mbili mfululizo, kuna seli mahali fulani. Mashine iwe na uwezo wa kusoma namba ndogo hizo, na hakuna H itakayokusaidia: 0.6 ya mwanamume aliyeondolewa tezi huchapwa kama "kawaida". Aliyetibiwa kwa mionzi ana hesabu yake, kwa sababu tezi bado ipo. Kwake hutafutwa namba ya chini kabisa aliyowahi kufika, kisha huangaliwa kama imepanda kwa 2 juu ya hapo.